Kamera Isiyo na Mabega

Nyinyi mnaopiga watu picha kwa simu pale ufukweni Diani mmeniomba niandike. Mmesema, "Fundi, umestaafu, una nafasi, tuandikie mambo ya filamu kabla hujayasahau." Hilo la "kabla hujayasahau" nimelisikia na nimelinyamazia. Kiswahili cha kuandika nilikisomea shule ya usiku mpaka nikapata cheti, darasani nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu, na kumbukumbu yangu ni nzuri kiasi kwamba nakumbuka hata mambo ambayo hayakutokea. Hayo nitajitahidi kuyaacha nje.

Jambo la kwanza mlijue: kazi yetu ni kazi ya kushukiwa. Mpishi akiharibu wali, watu husema wali umeharibika. Mpiga picha akiharibu picha, watu husema ana jambo lake. Ukimpiga mtu macho yamefumba, unamchukia. Ukimpiga bibi wa mtu akatoka mzuri, unampenda. Na ukisema filamu imeungua, basi umeiuza kwa Wazungu. Mimi nimeshukiwa kutoka Likoni hadi Vanga, na kama bahari ingekuwa na wateja ningeshukiwa hadi Pemba.

Nilianzia studio ya Fundi Salimu, Msambweni, kwenye barabara kuu, karibu na njia ya kuingilia hospitali. Fundi Salimu alikuwa mwembamba, kofia ya vito haimtoki kichwani, macho mekundu kwa ajili ya dawa za kuoshea picha. Alimshuku kila mtu, na mchana wa Ramadhani aliushuku hata ulimi wake. Siku yangu ya kwanza sikupewa kamera. Nilifungiwa kwenye chumba cha giza na filamu mbovu, nijifunze kuisokota kwenye gurudumu lake kwa vidole tu. Giza lenyewe lilikuwa zito, ungeweza kulikata kwa kisu ukalifunga kwenye gazeti. Kila baada ya muda Fundi Salimu aliuliza kutoka nje ya mlango:

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Fundi."

"Vizuri. Siku utakapoona kitu humo ndani, filamu ya mtu imeungua."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza. La pili lilikuwa kwamba mtu usimwambie acheke kabla hujajua ametoka wapi, kwa sababu nusu ya wateja wetu walikuwa wametoka hospitali, na wengine walikuja kutafuta picha ya kumkumbukia mgonjwa aliyekwisha kuzikwa. La tatu, koti la studio lisiwe na rangi ya kukumbukwa. Hilo tulilijua baada ya safari ya Funzi. Tulivuka kwenda kuwapiga wanaume wa kule picha za vitambulisho, na koti lilikuwa moja, la mistari ya zambarau, tena kubwa. Kisiwa kizima kilivaa koti lile. Picha zilipofika mezani kwa afisa, akazipanga, akazitazama, akasema huyu mtu mmoja amejiandikisha mara ngapi? Walirudishwa wote, na sisi tukarudi Funzi na makoti manne na barua ya mzee wa mtaa.

Na la nne, lililo kubwa kuliko yote, lilihusu harusi. Kwetu, nyinyi mnajua, harusi ya Kiislamu ina pande mbili: wanaume barazani, wanawake ndani na uani, na katikati kuna pazia. Fundi Salimu hakuwahi kulivuka pazia hilo, wala hakuniruhusu nilivuke. Upande wa wanawake ulikuwa wa Bi Rehema, dada yake mdogo, ambaye kwa upigaji picha alitushinda sote wawili ukitujumlisha na studio. Na picha za wanawake wa harusini hatukuzitazama. Zikitoka kuoshwa, Bi Rehema huzitia kwenye bahasha, huibandika gundi, huipeleka mwenyewe. Mkiuliza mimi nilijuaje kwamba alitushinda, nitawaambia niliambiwa na wanawake.

Basi siku moja Fundi Salimu alirudi kutoka Diani na kikapu cha mkindu, amekifunika kitambaa kama mtu aliyebeba maandazi. Ndani mlikuwa na kamera, lakini tuliotazama hatukujua kwamba ni kamera. Alipewa na Mjerumani mmoja mzee, mkaazi wa kudumu, aliyechoka kusimamishwa nayo kila lango la hoteli.

Kamera ya filamu mliiona hata kwenye makabati ya babu zenu: ina mabega mawili na lenzi katikati, kama mtu mnene aliyekaa barazani. Hii haikuwa na mabega. Ilisimama wima kama chupa ya chai. Lenzi ilikuwa mbele, juu, na ubavuni mlikuwa na mkanda wa ngozi wa kupitisha kiganja cha mkono wa kulia. Kidole kikibonyeza kitufe cha zumu, lenzi inatoka na kurudi yenyewe kwa sauti ya mbu aliyeshiba. Huhitaji kubadilisha lenzi wala kusogea. Mtu aliye mbali unamvuta mpaka unahesabu kope zake.

Fundi Salimu aliiweka mezani, akaizunguka.

"Kamera isiyo na mabega," alisema. "Itabebaje lawama?"

Ajabu kubwa zaidi ilikuwa ndani. Filamu humo ilipita kutoka juu kwenda chini, na kila picha ilichukua nusu tu ya nafasi ya picha ya kawaida. Filamu ya picha thelathini na sita ikatoa sabini na mbili. Na kwa kuwa filamu ilisimama, mambo yote yaligeuka: ukitaka picha ya kulala, kamera unaisimamisha, ukitaka picha ya mtu amesimama, kamera unailaza ubavu. Mimi shule ya usiku nilikuwa nimesomeshwa lenzi, ubaoni, kwa chaki, na bado ilinichukua wiki nzima kuacha kumpiga kila mtu amelala.

Filamu za rangi hatukuziosha wenyewe. Zilivuka feri kwenda Mombasa, kwenye studio moja yenye mashine ya kuosha na kuchapisha. Mashine ile ilizoea picha nzima. Ili ichapishe za kwetu, fundi wake alilazimika kuitia kibao chenye tundu dogo, tundu la nusu, la sivyo ingechukua picha mbili zilizopakana na kuzichapisha kwenye karatasi moja kama picha moja. Ndiyo maana juu ya kila bahasha Fundi Salimu aliandika NUSU, kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa Zanzibar.

Mimi ndiye niliyeibeba kamera hiyo barabarani, kwa hivyo mimi ndiye niliyeshukiwa nayo. Askari wa lango la hoteli aliniambia nimmiminie chai. Polisi wa kizuizi pale Ukunda alinitaka niiweke chini nirudi nyuma hatua kadhaa. Mimi na yeye na abiria wote tukaitazama ikiwa imekaa peke yake juu ya lami, na magari yakapanga foleni mpaka Lunga Lunga. Vijana wa bara waliokuja kufanya kazi hotelini walisema hiyo ni vidio, na neno hilo likatangulia mbele yangu kila nilikokwenda. Basi nikimwambia mtu asimame, yeye anatembea. Nikimwambia anyamaze, anatoa salamu kwa jamaa wote walioko Tanga. Ninazo picha za mabibi wa Msambweni ambao mikono yao ni moshi mtupu.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Kulikuwa na harusi hapo hapo Msambweni, nyumba kubwa, imepakwa chokaa ya kijani mbele na nyuma, ndani na uani. Kamera kubwa ya Fundi Salimu ilikuwa imekwama kwa kutu ya chumvi, ukibonyeza inakohoa. Ikabaki hii moja kwa pande zote mbili. Tukakubaliana: mimi nipige wanaume kwanza, kisha nibishe mlango wa ndani, mkono wa Bi Rehema utoke kwenye pazia, nimkabidhi, aendelee na wanawake kwenye filamu ile ile. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwanamume wa mwisho niliyempiga alikuwa Seif, fundi cherehani wa Ukunda, kijana wa kujipenda, amesimama kando ya ukuta wa kijani. Nikamvuta kwa zumu kwa kuwa alikuwa mbali na hakutaka kukanyaga matope na viatu vyake. Nikabisha, mkono ukatoka, kamera ikaingia.

Mwanamke wa kwanza kupigwa na Bi Rehema alikuwa Mwanasiti, shoga wa bibi harusi. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa kijani wa uani, akinyosha mkono kando kupokea mrashi, ile chupa ya kunyunyizia marashi, kutoka kwa mwenzake ambaye hakutokea kwenye picha.

Filamu ikavuka feri na neno lake NUSU. Huko Mombasa fundi wa mashine alikuwa ameenda likizo, na aliyeshika nafasi yake alikuwa mgeni wa kazi. Labda aliliona hilo neno akadhani ndilo jina langu. Akachapisha zote mbilimbili. Na kabla hatujazipokea, shangazi yake bibi harusi, ambaye alikuwa Mombasa kwa shughuli zake na hakuwa mtu wa kusubiri, alipita akazichukua mwenyewe akazileta nyumbani. Watu wakafurahi. Waliona ni mtindo mpya: mwanamume na mwenzake karatasi moja, mwanamke na shoga yake karatasi moja, katikati uzi mwembamba mweusi kama nguzo ya boriti. Picha moja tu ndiyo haikufurahisha. Upande huu Seif, upande ule Mwanasiti, ukuta wa kijani mmoja, vimo sawasawa kwa sababu zumu ilikuwa imewalinganisha, na mkono wa Mwanasiti umenyoka, umepita nyuma ya ile "nguzo", umeishia begani mwa Seif.

Na lililozidi kuiharibu ni kwamba Seif aliwahi kupeleka posa kwa kina Mwanasiti, ikarudishwa.

Mume wa Mwanasiti alikuwa Hamisi, mpishi wa hoteli ya kisiwani Chale, anayerudi nyumbani akipata mapumziko. Sijui ni nani aliyempelekea picha ile. Najua tu ilifika Chale kabla ya wali wa harusi kupoa.

Alikuja studio mchana, hakuna mteja. Akasalimu vizuri, akamwamkia Fundi Salimu shikamoo, akasema anataka picha ya paspoti. Nikamwonyesha kioo na kitana. Hakuvitazama. Hapo nikaingiwa na wasiwasi, na nyinyi vijana lichukueni hili: mtu asiyejitazama kioo hakuja kupigwa picha.

Akakaa kwenye kigoda. Akaitazama kamera yetu.

"Hii ndiyo ile chupa?"

"Ndiyo, kaka."

"Watu wasema huwa inaona mbali."

"Inavuta kidogo."

"Yapitisha ukuta?"

Nikasema haipitishi. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa picha, akaiweka juu ya goti lake, si mkononi mwangu. Akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ni Seif, nilimpiga mwenyewe. Na huyu? Nikasema huyo simjui, picha za wanawake sisi hatuzitazami.

"Ni mke wangu," alisema. "Na mimi nimemuuliza mkono huu ulikuwa unafanya nini. Aniambia alikuwa akipokea mrashi."

Akalitaja hilo neno mrashi kama mtu anayetema kokwa.

Tulimweleza. Nusu, kibao, tundu, mgeni wa kazi. Mimi nikaeleza kwa mikono, Fundi Salimu kwa maneno machache. Nikakimbia hadi nyumba ya harusi nikaomba ile negativu, filamu yenyewe iliyokwisha kuoshwa, nikaileta, nikaishika kwenye mwanga nikamwonyesha mstari katikati. Akaitazama muda mrefu.

"Mstari hata mimi naweza kuuchora," alisema. "Na aliyepiga ni wewe. Ulitaka useme nini kingine? Kama mwanamume alipita pazia, aliyempitisha ni mwenye kamera."

Wenzangu, alikuwa amesema kweli: shahidi wake ndiye mshukiwa wake. Alituambia mke amemrudisha kwa mama yake, na akirudi Chale atakuwa ameshatamka talaka, tena hataki kugombana na mtu. Akakunja picha kwa adabu, akaaga. Paspoti hakupiga.

Fundi Salimu jioni ile aliikalisha kamera juu ya kabati, ameigeuzia lenzi ukutani.

Kesho yake aliingia Bi Rehema, na nyuma yake mwanamke kijana wa buibui, ndiye Mwanasiti, macho yamevimba lakini mgongo umenyoka. Hakuketi. Alimwamkia Fundi Salimu, kisha akanigeukia.

"Fundi, ninyi wanaume mmeeleza, hamkuaminiwa. Mimi nimeapa, sikuaminiwa. Basi hiyo kamera iliyosema uongo na iseme tena, ila mara hii imseme yeye."

Nikauliza imsemeje. Akamtazama Bi Rehema, na Bi Rehema, ambaye nilimdhania mtu wa heshima, akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko.

Mama yake Mwanasiti aliitwa Bi Mwanatumu. Mjue kwamba kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mume hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake, hali naye sahani moja, akimkuta njiani huinamisha macho na kupisha. Na Bi Mwanatumu aliishika mila hiyo hadi ikaomba kupumzika. Tangu Hamisi aoe, alikuwa hajamwona mkwewe huyo akitafuna hata karanga.

Mimi ndiye niliyepelekwa kwa Hamisi. Nikamwambia akubali kupigwa picha moja tu, na kwamba kila kitu akifanye yeye, asituamini kwa lolote. Hilo la kutotuamini lilimpendeza. Filamu mpya aliinunua mwenyewe, duka jingine, akaitia mwenyewe ndani ya kamera huku mimi nimefunga mikono nyuma kama mshtakiwa. Tukaenda nyumbani kwa mkwewe. Akasimama nje, mbele ya nyumba, kando ya ukuta mweupe. Nikailaza kamera ubavu.

"Nyosha mkono huo, ushike pazia la mlango."

"Kwa nini?"

"Mwenzako alikuwa akipokea mrashi. Nawe shika pazia."

Akashika. Mkono ukatoka nje ya picha. Nikabonyeza. Kamera ikapita dirishani kwa Bi Rehema, aliyekuwa ndani. Hamisi akabaki nje pamoja nami, kifua kimebanwa na mikono, akinichunga nisipepese. Kule uani tulisikia sauti ya mbu aliyeshiba, kisha kamera ikarudi. Aliuliza amepigwa nani. Bi Rehema akajibu kutoka dirishani kwamba hayo ni mambo ya wanawake.

Filamu alivuka nayo feri yeye mwenyewe. Bahasha haikuandikwa neno. Alisimama kando ya mashine, wakampa ikiwa imefungwa, na masharti yetu yalikuwa asiifungue mpaka awe mbele ya ami yake, Mzee Bakari, ndugu wa baba yake, ambaye ndiye angesimamia hiyo talaka. Nilistaajabu kwamba alitimiza. Mwenye kushuku wengine huwa mwaminifu sana. Ndilo jambo linalomchosha.

Tukakutana barazani kwa Mzee Bakari: mzee, Hamisi, Fundi Salimu na mimi. Mwanasiti na mama yake walikuwa ndani, nyuma ya pazia. Hamisi akachana bahasha, akatoa karatasi. Akaitazama. Akaigeuza chini juu, akaifunika kwa kiganja.

"Lete nione," alisema Mzee Bakari.

"Haina haja, ami."

"Hamisi."

"Nimeshaelewa, ami. Yatosha."

Sauti ya Mwanasiti ikatoka nyuma ya pazia, tulivu kabisa:

"Mpe ami yako aone."

Mzee akanyosha mkono, akapewa. Akavaa miwani. Nami nilikaa kwa namna ambayo niliweza kuchungulia, na hadi leo, wallahi, sijapiga picha nzuri kama ile. Huyu hapa Hamisi, ukuta mweupe, amenyosha mkono. Uzi mweusi mwembamba. Na huyu hapa Bi Mwanatumu, ukuta mweupe ule ule, amejitanda leso yake mpya, kichwa amekilaza kidogo upande, anatabasamu, na mkono wa mkwewe umemzunguka shingoni kama wachumba wa Diani.

"Huyu si mkweo?" aliuliza Mzee Bakari.

"Ndiye."

"Na mkono huu?"

"Nilikuwa nimeshika pazia, ami."

"Pazia," alisema mzee.

"Wallahi, ami, pazia. Muulize Fundi, alikuwepo."

Mzee akanitazama mimi, shahidi, na alivyonitazama nikajua siaminiwi hata kidogo. Fundi Salimu alikuwa ameinama anavikagua vidole vyake. Ndani, nyuma ya pazia, Bi Mwanatumu aliuliza kwa sauti ya chini kama ametoka vizuri, na Bi Rehema, ambaye hatukujua kwamba naye yumo, akapiga chafya ya uongo.

Hamisi alikuwa amelowa jasho. Alisema, akilielekea pazia, kwamba amekosa, kwamba ameamini, kwamba Mwanasiti afunge vitu vyake warudi nyumbani leo hii.

Mwanasiti alijibu polepole, na hapo hakuna aliyecheka.

"Umeiamini karatasi. Mimi nilikwambia siku ya kwanza, kwa mdomo wangu, nikiwa mbele yako, hukuamini. Sasa nikirudi, narudi kwa nani? Kwa mume wangu, au kwa mwenye kuamini karatasi?"

Mzee Bakari alianza kusema neno la kusuluhisha, akaliacha. Kwa mara ya kwanza nilimwona Hamisi si mtu wa kushuku bali mtu anayeogopa, maana ilimjia, nadhani, kwamba mashine ilikuwa imemrudishia kila kitu isipokuwa mke.

Mwanasiti alibaki kwa mama yake. Hamisi alirudi Chale, akaja tena, akarudi, akaja tena na wazee, kama mtu anayeposa upya. Sikuyahudhuria yote, nasema niliyoambiwa. Mwishowe Mwanasiti akakubali kurudi, kwa sharti moja. Hakutaka leso wala dhahabu. Alitaka picha ile ya Hamisi na mama mkwe wake, ikuzwe, itiwe kioo, itundikwe sebuleni kwao, mahali ambapo mgeni akiingia ndipo macho yake yanapotua, na isiondolewe.

Kuikuza tuliikuza sisi, kwa nyeusi na nyeupe. Fundi Salimu aliniachia kazi yote nifanye peke yangu, na alipoiona imetoka hakuishuku. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo aliyowahi kunipa.

Ile kamera ilikufa baadaye, betri zake zikawa hazipatikani, na Fundi Salimu naye ametangulia, Mungu amrehemu. Filamu mnajua zilivyokwisha. Lakini picha ipo, na mimi hupita pale kwa Hamisi nikienda hospitali kupima presha. Mwezi uliopita nilimkuta na mgeni, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka bara. Kijana wa watu alikuwa amekaa na kikombe cha kahawa mkononi, ameitazama picha, amemtazama Hamisi, akamtazama na Bi Mwanatumu mwenyewe, ambaye sasa ni mkongwe na alikuwa akipita uani na fimbo yake. Hakuuliza. Lakini nyusi zake ziliuliza.

Hamisi akavuta pumzi, akaanza. Filamu, nusu, tundu, kibao, kuilaza ubavu. Nyinyi vijana mnaotaka kujua kamera ile ilivyofanya kazi, msije kwangu. Nendeni kwake, anaijua kunishinda mimi, hakuna mwanafunzi wa shule ya usiku wala ya mchana aliyelirudia somo kama yeye. Alipofika kwenye pazia la mlango, akaapa. Yule mwalimu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama watu wanavyomwitikia mgonjwa.

Na Mwanasiti alikuwa amekaa pale pale, kwenye kiti chake, akimenya machungwa. Husikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, kila mara, kama mtu asikilizaye kipindi cha redio anachokipenda. Miaka yote hii hajamsaidia mumewe hata kwa neno moja.